Kwapa la Kushoto

...linabana, anasema, kwapa hili la kushoto, litanue kidogo mwanangu, na mimi nimepiga magoti kando ya stuli aliyosimamia mama, pini zimejaa mdomoni, afadhali, maana ningeufungua ningesema kwapa halina kosa, nimelipima kwa futi ileile uliyonifundishia kazi, kinachobana ni hicho kinundu kwenye titi lako, ulichokificha mpaka kikawa kigumu kama jiwe, njoo wiki ijayo tukikate, alisema daktari, na yeye akamuuliza, wiki ijayo kwani tutakuwepo? mimi natamani ardhi inimeze... Bwana yuko njiani, mchungaji kasema, kila mtu ajishonee kanzu nyeupe asije akakutwa na nguo za jikoni, na cherehani yetu haijapoa tangu siku hiyo, kwaya nzima nimeivisha mimi, ila mchungaji mwenyewe anajenga, nimemwona kwa macho yangu akichagua vigae vya sebuleni, vigae! mtu anayeondoka wakati wowote vigae vya nini... "Ona," anasema mama, anainua mkono wa kulia mpaka juu, ndivyo watakavyopokelewa, mikono hewani, halafu wa kushoto, unafika kifuani, unagoma, anauma midomo, "Umeona? Nguo inabana," nguo, haya, nguo... alinifundisha hukumu kwa vifungo, hapahapa mezani, vizima kulia, vilivyovunjika kushoto, kondoo na mbuzi, nikauliza vya kushoto vinakwenda wapi, akasema vinatupwa, nikalia, alipogeuka nikavirudisha vyote koponi... na siku hizi nimeacha ibada wala hanigombezi, heri angenigombeza, yeye anajaza madumu, chini ya kitanda changu hapapitiki, maji, mishumaa, viberiti, "Ni vyako," aliniambia, "vya siku zile mbaya, sisi tukishaondoka," anakaza kifuniko kama mtu anayetoka mara moja kwenda sokoni, mama gani anamwekea mtoto maji ya siku ya ghadhabu halafu anaondoka zake amevaa nyeupe, nyeupe niliyoishona mimi, saa nyingine nakuchukia mama, nakuchukia wewe na huyo Bwana wako anayekuja kuchambua watu kama vifungo... "Mbona umeganda? Tanua," anasema, "Huu wa kulia hata ukibana nitavumilia, huu wa kushoto ndio wenye kazi," kazi gani tena, namuuliza kwa macho, na yeye hanitazami, anatazama mlangoni, anashusha sauti kana kwamba mchungaji yuko barazani, "Sisi si tutawekwa kulia kwake? Na wewe, kwa ukaidi wako huo, utakuwa kule upande wa pili. Sasa nisipoweza kuunyoosha huu, nitakuvuta na nini?" ...kumbe amepanga kuiba, mama yangu huyu, asiyediriki hata kuchelewa ibada, amepanga kuiba mbele ya kiti cha enzi, malaika wakimkodolea macho, na madumu yale ni ya endapo atanikosa... machozi yananijia, ya hasira, ndiyo, hasira, kwa sababu mkono wenyewe hauinuki, hauinuki mama, hata nikikushonea kwapa pana kama mlango hautanifikia, na wewe daktari humtaki... Bwana, sijui kama upo, wote wanakuita njoo, mimi nakuambia usije, kuchelewa umeshazoea, chelewa tena, acha kwanza nimburute huyu mpaka kwenye kitanda cha daktari, kwa kilio, kwa matusi, kwa kanzu hii, ndiyo, kwa kanzu hii, siishoni mpaka akatwe, akitaka kuja kwako bila kwapa shauri yake, acha apone, acha mkono unyooke, ndipo uje ubague unavyotaka, tuone kama utamweza... "Unasemaje?" anauliza mama kutoka juu ya stuli, mkono bado ameukunja kifuani, natikisa kichwa, nina pini mdomoni, nachukua mkasi, naanza kufumua.