Mise à jour ya Anaclet

Didier alizilaza simu mbili juu ya kioo cha kibanda chake cha kutengeneza simu, pale Nyawera, akazikagua kama mtu anayechagua samaki. Ya Chantal ilikuwa na betri nzuri na tochi kali. Ya Virginie ilikuwa na kamera ya kisasa, ila betri yake ilikuwa ya kulialia. Tofauti kubwa, akasema, ni kwamba tangu mise à jour ya mwisho, yaani programu mpya kutoka kiwandani, simu ya Virginie inashika réseau hata mahali ambapo mtandao haupo. Hiyo ni bogue, kasoro ya programu. Ya Chantal haina bogue hiyo, kwa sababu kiwanda kiliacha zamani kuiletea mise à jour, na ndiyo maana bwana yake hapatikani.

Waume wa wanawake hao, Anaclet na Gentil, walikuwa pamoja na wachimbaji wengine ndani ya shimo moja la dhahabu upande wa Shabunda lilipoporomoka wakati wa mvua.

Haya, sisi watu wa Bukavu tunajua bip ni nini. Mtu hana unité za kupigia simu, anakupigia, anakata, wewe unarudisha. Chini ya udongo haziuzwi unité. Kwa hiyo kila jioni Anaclet alibipu na Virginie akamrudishia. Alisema baridi ni nyingi, maji yamefika magotini, Gentil yuko kando yake, mguu umebanwa na jiwe, anamsalimia Chantal. Kisha aliuliza wanaokuja kuwachimbua wamefika wapi. Virginie alijibu kwamba wako njiani. Uongo huo ulimchoma, na kesho yake aliurudia.

Hakukuwa na mtu njiani. Papa Théodore, mkubwa wa kooperative yenye shimo, alikwisha kutangaza kwamba siku ile shimo lilikuwa tupu, na shimo tupu halichimbuliwi. Virginie alitaka kitu kimoja tu: mume wake atolewe, azikwe, naye akae chini kwenye kilio kama wanawake wengine. Padri wa parokia, mtu mpole kabisa, alimwambia hawezi kusoma misa ya wafu kwa mtu ambaye bado anabipu.

Jioni moja akaipeleka simu hadi ofisini kwa Papa Théodore, huko Muhumba. Mkubwa alimsikiliza Anaclet kwa adabu mpaka mwisho. Akasema sauti ni safi sana, lakini bogue si ushahidi, na kiwanda kitaisahihisha.

Kiwanda hakikuchelewa. Wiki hiyo hiyo simu iliandika kwamba kuna mise à jour mpya, inayosahihisha bogues na kuboresha kamera. Didier akamkataza Virginie kuigusa: siku atakapobonyeza, bip za bwana yake zimekwisha. Virginie akawa anatembea na simu kifuani, hata jikoni.

Ila simu hula umeme, na umeme wetu haungoji mtu. Siku courant iliporudi, aliichomeka akaenda kuchota maji. Nyumbani alibaki Koko Bintu, mama yake Anaclet, aliyekuja kutoka Mudaka kungoja habari za mwanawe. Kifaransa chake kilikuwa kile cha masista, lakini jour alilijua: ni mchana. Mise alikuwa ameuliza kwa jirani, akaambiwa ni kutia. Basi simu ilikuwa inaomba ruhusa ya kumtia mwanawe mchana, na mkamwana wake, mwanamke mwenye akili zake timamu, alikuwa akikataa! Jambo hilo lilikuwa limemnyima usingizi. Alifanya ishara ya msalaba, akabonyeza.

Virginie alipata simu imezima na kuwaka tena, nyepesi, kamera safi. Jioni haikuja bip yoyote. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na Koko Bintu alichemsha maji ya kuoga.

Asubuhi Anaclet alikuwa ameketi uani juu ya bidon ya maji, matope mpaka mabegani. Mama yake alimwambia maji yamepoa, atayapasha. Majirani walimsalimia wakipita, mmoja akasema amekonda. Alikula kidogo, akaacha udongo kwenye kijiko. Jua lilipotua hakuwapo tena, maana mise à jour ilikuwa ya mchana peke yake. Kesho yake alirudi, akasema kule chini maji yamefika shingoni.

Chantal alikimbilia kwa Didier na simu yake. Ikatafuta, ikatafuta, ikaandika: système iko à jour, hakuna kipya. Yaani kwa hesabu ya simu ile, Gentil alikwisha kutiwa mchana. Chantal aliangalia barabara juu na chini, kisha akaomba aitafute tena.

Virginie akampandisha mume wake kwenye pikipiki, wakaenda Muhumba. Safari hii hakupeleka sauti, alipeleka mtu. Papa Théodore alimpa Anaclet mkono, halafu akafuta kiganja chake kwa kitambaa.

"Papa, huyu ni bwana yangu," Virginie akasema. "Anatoka mu ile shimo. Gentil na wengine bangali ndani, maji inabafika ku shingo. Mutume bantu babachimbue."

Papa Théodore alimtazama Anaclet kuanzia miguu mpaka kichwa.

"Maman, bwana yako si huyu anasimama? Tulisema mu ile shimo hakukuwa muntu, mukabisha."

Kisha akamuuliza Anaclet mbona haonekani kazini tangu mvua zile. Alimsamehe papo hapo. Jumatatu angeanza tena, zamu ya mchana. Anaclet, ambaye tangu utoto hajawahi kubishana na wakubwa, alisema ndiyo, patron.

Shimo jipya liko mita chache kutoka lile la zamani. Mchana Anaclet analichimba, na jua likitua anashuka majini kwa Gentil. Asubuhi hapiti tena uani, anatokea moja kwa moja kazini. Virginie hamuoni mchana wala usiku, na hakuna anayemruhusu kumlilia.