Nchi Niliyoiponda

Kiwandani kwa shangazi kuna sheria isiyoandikwa popote: anayesifu mahali ndiye anayetumwa huko. Mtunza stoo wetu wa zamani alisifu mji wa mpakani kwenye kikao kimoja tu, na hadi leo yuko huko huko, anauza mito ya kulalia.

Kwa hiyo shangazi alipotangaza kwamba tunafungua kiwanda kipya cha magodoro ng'ambo, kila mtu alimeza ulimi. Nchi zilikuwa mbili. Ya joto akapewa binamu yangu aichunguze, ya baridi nikapewa mimi. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, na sikuwa tayari kusikia mtoto wangu akilia kwenye simu. Nikaichunguza nchi ile mwezi mzima, nia yangu ikiwa moja: kuichinja.

Tulikutana chumba cha sampuli, kila mtu juu ya godoro lake. Binamu, mvivu wa kuzaliwa, alisema ya kwake ni mbali, basi. Mimi nilimwaga yote. Bandari huganda. Umeme ghali. Sponji haiumuki vizuri kwenye baridi mpaka chumba kipashwe moto. Kiwanja tunachouziwa karibu na reli ni kinamasi kilichofukiwa juzijuzi. Binamu alitikisa kichwa kwa masikitiko, mnafiki yule.

"Umemaliza?" shangazi akauliza.

"Nimemaliza, shangazi."

"Basi utakwenda wewe. Anayependa nchi hudanganywa tangu uwanja wa ndege. Wewe mpaka kinamasi unakijua, nani atakudanganya?"

Binamu akaninong'oneza kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilitamani kumfunika na godoro. Nikamtajia shangazi ile mimba. Akasema nyumba ya meneja ina nafasi, nikamuulize mwenye mimba.

Nilirudi nyumbani mnyonge, nikamweleza mke wangu. Aliendelea kukatakata vitunguu.

"Ndiyo kwanza wanakwambia? Mwezi mzima huna hadithi nyingine mezani ila nchi hiyo. Nilijua umeipenda, unaogopa kusema. Kazini nimeshaaga tangu Jumatatu."

Nikamuuliza kama haiogopi baridi ile.

"Baridi ni sweta tu," akasema. "Ninachoogopa ni kujifungua wewe hupo."