Paja la Kuku Mbele ya Baba Mkwe

Kitasa cha sanduku kililia ka! kikanyamaza, kisha kikalia tena. Kulikuwa hakujakucha bado. Nilinyoosha mkono nikampata Milcah, ana joto la usingizi. Upande wa baba yake kitanda kilikuwa baridi.

"Baba Milcah, unafanya nini gizani?"

"Napanga nguo za mtoto kidogo. Baba akiamua, tusianze kutafutatafuta kesho asubuhi."

"Baba akiamua. Na sisi tumeamua nini?"

Nashon, mume wangu, ni karani wa wizara. Watu wakifika dirishani kwake huvua kofia. Lakini mbele ya baba yake hurudi kuwa kijana wa kuchunga ng'ombe. Mzee Were alikuwa ametoka Butere Alhamisi na neno moja tu: Milcah ana miaka minne sasa, aende akalelewe na nyanyake, kwa sababu mama yake anashinda na vitabu vya darasa la jioni, na mtoto wa mjini hafundishwi heshima. Kwetu baba halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwa hiyo tulimtafutia chumba River Road. Kila jioni Nashon alipotoka kumwona alirudi nyumbani Kileleshwa sauti imepungua zaidi.

Jumapili hiyo alikuwa na mpango. Baada ya ibada tungempeleka mzee katikati ya mji, kwenye hoteli moja ya ghorofani inayoandaa kile chakula cha katikati ya asubuhi ambacho si chai wala si cha mchana.

"Akishiba, akaona watu wa heshima wanakula na watoto wao, atalegea," alisema.

"Na mimi nitakula wapi?"

Hapo akaketi kitandani. Hakuwa amelifikiria. Kwetu mwanamke hali mbele ya baba wa mumewe. Hampi mkono wala hamtazami usoni. Nikikaa naye meza moja nikatafuna, basi nimethibitisha kwamba hiyo heshima anayosema hakuna, kweli hakuna, na mtoto ameenda. Nikibaki nyumbani, wataamua bila mimi.

"Hotelini meza ni nyingi," nikasema mwishowe.

Mhudumu alikuwa Mkamba mwenye koti jeupe, jina lake Muli. Nashon na mzee walipotangulia kuketi karibu na dirisha, nilimnong'oneza anipe meza yangu kule mwisho kabisa, mgongo wangu uwaelekee.

"Mmekosana, mama? Na leo ni Jumapili?"

"Yule ni baba mkwe."

"Aa! Si ungesema! Hata kwetu Kangundo ungekula jikoni, mlango umefungwa." Akacheka, akatangulia.

Nilimfuata nimeinamisha kichwa inavyotakiwa, nikiona viatu vya watu tu na mkono wa Milcah ndani ya wangu. Niliketi bado nimeinama, nikamfunga mtoto kitambaa shingoni. Nyuma yangu nilimsikia mzee.

"Nashon, hivi visu vyote ni vya mtu mmoja? Ng'ombe wanachinjiwa hapa hapa mezani?"

Nashon alicheka kupita kiasi.

Chakula kilikuja. Mayai, soseji, viazi vya kukaanga, na paja la kuku limeiva likawa rangi ya dhahabu. Nashon alikuwa ameagiza sahani za namna moja kwa wote. Kwetu Butere kuku ni wa wanaume. Mimi nilianza kumla hapa Nairobi, na mzee hakulijua hilo. Lakini alikuwa nyuma yangu, na tangu jana hofu ilikuwa imenizuia kutia kitu mdomoni. Nililishika lile paja kwa mkono nikauma. Mafuta yakanitiririka kidevuni. Utamu wake! Mabega yangu yakashuka, nikainua kichwa.

Ukuta mzima ulikuwa kioo.

Na ndani ya kioo, juu kidogo ya uso wangu, baba mkwe alikuwa ananitazama macho kwa macho, naye mkono wake umeishia njiani kuelekea mdomoni. Sikuweza kumeza. Sikuweza kutema. Nilibaki na mfupa mdomoni kama paka aliyefumaniwa, nikifikiria sanduku la mtoto.

Kiti kikakwaruza sakafu. Mzee amesimama. Nashon akasimama pia, "Baba, tafadhali, baba…" Nilifumba macho.

Nilipoyafumbua, mzee alikuwa amekigeuza kiti chake, ameketi, amekipa kioo mgongo. Sasa tulipeana migongo kabisa. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, kupitia kwa mwanawe, kwa kuwa mimi hawezi kuniambia moja kwa moja:

"Nashon, mwambie mama wa mtoto ameze. Atakabwa bure. Kukaa mbali amekaa. Kioo hakukileta yeye. Hiyo ya kuku nitaifikiria nikiwa ndani ya basi."

Nilimeza. Machozi yalinitoka, sijui ni ya pilipili au ni ya nini.

Ndipo Nashon akasema, "Baba, kuhusu mtoto… sisi tungependa abaki."

Kwenye kioo niliona kisogo cha mzee hakisogei.

"Ninyi mmesema. Mimi nilisema Alhamisi. Sasa nitamwuliza mwenyewe, na atakalosema ndilo hilo. Milcah! Njoo, mjukuu."

Milcah alishuka kitini, kipande cha kiazi mkononi, akaenda. Nilitaka kumwita arudi. Lakini mkazamwana hapazi sauti mahali alipo mzee, na nilikishika kitambaa cha meza kwa mikono miwili.

"Kwetu kuna ndama mdogo," mzee akamwambia polepole. "Na nyanyako anapika ndizi kila siku. Kesho tupande basi twende, mimi na wewe?"

Milcah alimalizia kiazi chake kwanza. Kisha akageuka akatafuta mgongo wangu kule ukutani, akaupata, akamgeukia tena babu yake.

"Babu, mimi ninakaa na mama."