Joto na Mtikiso

Mgeni aliingia darasani bila hodi, suruali imejaa vumbi la barabarani.

"Gaudiosa? Acha mapishi, tuongee."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya bisi mbele ya kidato cha nne. Nilikuwa nimeshaiepua, nikaitikisa, mahindi yakarukaruka.

"Yanaruka kwa joto?" niliwauliza wanafunzi, kana kwamba mgeni hayupo.

"Kwa fujo zako, madamu!" Timoth alijibu. Darasa likacheka.

Kudhani mtikiso ni joto: hilo ndilo kosa nililoliona chuoni, kabla sijaja kufundisha hapa. Leza nyingi huibana punje ya haidrojeni mpaka iwake kama jua, kisha inatoweka kabla hujapepesa jicho. Hakuna kipimajoto kinachoweza kuingia humo. Tunapima kasi za nyutroni zinazochomoka: zikitofautiana sana, tunasema joto ni kali. Lakini punje ikiyumba, kasi hutofautiana vilevile, na mtikiso unasomeka kama joto. Timu yetu iliandika digrii milioni sitini. Nilipoutoa mtikiso kwenye hesabu, zikabaki milioni arobaini na mbili.

Jana Cornelia, wa dawati la mbele, aliuliza kama namba za vitabuni hupimwa kweli au watu hujipangia. Nilimwahidi kwamba namba nitakayoandika ubaoni ndiyo pekee itakayobeba jina langu.

"Naitwa Isdori, nimetumwa na profesa wako wa chuo," mgeni alisema. "Hupokei simu. Makala inatoka wiki hii. Kubali sitini, na nafasi yako ya shahada ya uzamivu ng'ambo ipo."

"Na mtikiso?"

Akacheka. "Dada yangu, nani huku Sumbawanga atajua habari za mtikiso?"

Huku! Watoto waliopambana na baridi ya alfajiri kuja kusoma walikuwa wanamsikiliza. Nilitamani kumrushia ile sufuria.

"Timoth, kwa nini mahindi yaliruka?"

"Uliyatikisa, madamu. Moto hata haukuwepo."

"Umemsikia? Futa jina langu."

"Nikilifuta, na nafasi imekwenda."

Nikamkumbuka mama, kule Laela. Ameshatangaza jumuiyani kwamba mwanawe anapanda ndege.

"Futa vyote. Na ukiingia darasani kwangu tena, piga hodi!"

Gari lake lilipoondoka, niliikandamiza chaki ubaoni. Ikakatika. Nikaokota kipande, nikaandika: milioni arobaini na mbili.

Cornelia alikuwa ameshaanza kunakili.