Vitambaa Vyekundu vya Kyabukala

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeulalia mlima kama kuku aliyeatamia, hautaki kuondoka. Banza alikuwa wa mwisho katika msafara, na ndiyo ilikuwa kazi yake. Mbele walikwenda wageni sita na baiskeli zao za milimani zenye magurudumu manene, Angèle mwenye safari akiwaongoza. Yeye alibaki mkiani, kumwinua aliyeanguka na kutengeneza kilichovunjika.

Angèle alikuwa mwanamke wa Kolwezi, na alikuwa na masharti yake. Mgeni amsalimu chifu kwanza. Ale chakula cha kijiji, si cha mikebe. Asikimbizane kwenye njia za watu, na mwenye mzigo apishwe. Asiache uchafu, tena aokote hata ule ulioachwa na wengine. Banza aliyapenda masharti hayo. Jioni iliyotangulia, kijijini Kyabukala, kwenye uwanja wa Mama Ernestine aliyewapikia bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, ni Banza aliyesimama kuyaeleza.

"Kila kitu Mungu hakuumba ku huu mulima, mutoe," alisema. "Sachet, mufuko, chupa. Tutashuka nabyo mpaka Kolwezi."

"Na ile kofia yako, tata Banza?" Mama Ernestine akauliza huku akipakua. "Mungu njo aliumba? Batakutupa mu mufuko pamoja nayo."

Wakacheka wote. Lakini neno moja Banza hakulisema. Hakusema kwamba mteremko wa chini ya kijiji umejaa mashimo. Miaka miwili nyuma wachimbaji walikuwa wameuvamia mlima ule kutafuta shaba, na yeye mwenyewe alikuwamo, ametoka Kasulo, mtaa wa wachimbaji huko Kolwezi, na sururu yake begani. Madini yalipokwisha waliondoka, mashimo yakabaki, nyasi zikayafunika midomo. Angèle alikuwa amemwomba asiwatishe watu. Na kweli, njia ilikuwa salama kwa anayeijua. Basi akanyamaza.

Bibi mzaa Banza alikuwa akiwategea wajukuu kitendawili: ana mdomo hana meno, anameza na hashibi. Watoto walijibu kwa pamoja: shimo. Kisha bibi aliongeza kwamba mwenye njaa wa namna hiyo hafugwi, anatangazwa.

Ndiyo maana wachimbaji walikuwa na desturi. Anayeacha shimo huchomeka kijiti ukingoni, akafunga juu yake kitambaa chekundu au utepe wa mfuko. Fundo moja, shimo ni fupi. Mafundo mawili, ni refu. Mafundo matatu, mtu amebaki humo. Watu wa Kyabukala walizijua alama hizo kama wanavyojua milango ya nyumba zao. Hata katika ukungu, mwenye mzigo aliona wekundu akaukwepa.

Asubuhi hiyo ya ukungu mnyororo wa baiskeli ya mgeni mmoja ulikatika mlangoni mwa kijiji, Banza akabaki naye kuuunga. Wenzao wakatangulia. Wawili hao walishuka mbio bila kutazama kando ya njia, na walipowafikia, wenzao walikuwa wameshakata kushoto kwenye njia panda na kupumzika kijitoni. Jémima, mmoja wa wageni, muuguzi kijana wa Lubumbashi, alikuja kumpokea akiburuta mfuko uliojaa.

"Tata Banza, angalia kazi yetu. Mulima sasa iko propre, safi kabisa."

Banza akacheka, akauchungulia. Aliona chupa. Aliona sachet, vile vifuko vya plastiki vya pombe. Chini yake aliona wekundu.

Kicheko kikamfia mdomoni. Alipiga magoti, akavitoa kimoja kimoja na kuvitandaza juu ya jiwe. Vilikuwa kumi na kimoja. Kimoja kilikuwa na mafundo matatu.

"Hibi mulitoa wapi?"

"Ku bijiti, mu majani, kando ya njia," Jémima akajibu. "Bilikuwa bibaya kuona."

"Haiko buchafu, mwanangu. Ni mashimo. Mulisimama ku midomo yayo."

Jémima akaketi chini bila kutafuta pa kuketi.

Angèle alikuwa amesikia. Uso wake ulibadilika, lakini sauti aliishika. "Sisi tumeshapita, Banza. Batu bangu bako sita, na bote bako hapa."

"Na batu ba Kyabukala, dada? Leo ni siku ya soko. Balishuka mbele ya jua, bitambaa biko. Sasa banapanda, bitambaa biko mu mufuko wetu. Mi njo nilisema mutoe byote."

Angèle alifungua mzigo wake, akampa filimbi.

Banza na Jémima wakarudi, kwa sababu ni Jémima aliyeving'oa vingi na alikumbuka mahali. Kwenye njia panda Banza alifunga breki. Juu ya alama pana za magurudumu yao, katika udongo mbichi, ulipita mstari mmoja mwembamba, wa baiskeli ya kawaida. Ulitoka upande wa soko. Ulikuwa unapanda.

Akapuliza filimbi. Ukungu ukaimeza, haukurudisha kitu.

Walipanda kwa miguu, baiskeli mkononi. Banza alikuwa akirusha jiwe katika nyasi na kusikiliza. Kwenye udongo jiwe lilisema pu. Kwenye shimo halikusema kitu, kisha likasema mbali sana. Hapo alichomeka kijiti na kufunga kitambaa. Kimoja. Vinne. Saba. Kumi. Kila mara mstari mwembamba ulikuwa umepita salama kando, naye Banza alishusha pumzi, akaendelea.

Kwenye kona ya mawe Jémima alisimama. Mkononi mwa Banza kilibaki kitambaa kimoja, chenye mafundo matatu.

"Hiki nilitoa hapa," Jémima alisema taratibu. "Tulikuwa batatu. Tulitoka mu njia na makinga," akaongeza, akiigonga baiskeli yake.

Naam, zilionekana. Alama tatu pana ziliiacha njia na kuingia katika nyasi, nzuri, zimeshindiliwa, kama njia yenyewe. Kwa mtu aliyeinamisha kichwa katika ukungu, akifuata alama chini, ndizo zilizokuwa njia. Mstari mwembamba uliingia pamoja nazo.

Haukutoka.

Nyuma yao zilisikika sauti za watu wa soko. Wa kwanza kutokea alikuwa Mama Ernestine, mfuko wa chumvi kichwani, na wengine sita wakisukuma baiskeli zenye mizigo.

"Tata Banza, umepoteza njia wewe?" alitania. Kisha akauona uso wake. "Kuko nini?"

"Mama, nani alitangulia?"

"Mukalay, bwana yangu. Kinga yake haina muzigo, akatuacha. Juu ya nini unauliza?"

Banza alimwonyesha mstari, kisha kitambaa chenye mafundo matatu mkononi mwake.

Mama Ernestine alishusha chumvi chini, polepole, kama kitu kinachoweza kumwagika. Aliita jina la mumewe mara moja. Wote wakatega masikio. Ndipo kutoka ndani ya nyasi, chini, mbali, ikasikika kengele ya baiskeli. Mlio mmoja.

Watu wa soko walifungua mipira iliyofunga mizigo, vipande virefu vya tyubu kuukuu, wakaviunga kwa mafundo na kuvivuta kwa miguu kuvijaribu. Jémima alisema yeye ni mwepesi, ashuke yeye.

"Hapana," Banza alisema. "Mi najua hii shimo. Nilichimba mi mwenyewe. Mwenye alibakia humo zamani, wa mafundo tatu, alikuwa rafiki yangu."

Alijifunga kiunoni. Mama Ernestine alisimama mbele ya wavutaji wote, akazungusha mpira mara mbili kwenye kiganja chake. Alikitazama kile kitambaa, kisha uso wa Banza. Hakumtukana.

"Shuka," alisema.

Banza akalala kifudifudi, akarudi nyuma hadi nyasi zikakoma chini ya magoti yake. Hewa baridi ilimpanda miguuni, na harufu ya zamani aliyoifahamu. Kengele ililia tena, kidogo zaidi.

Akaachilia ukingo.