Jumatano ya Mke Wangu

Mimi sikutaka kuishi pale. Familia saba, jiko moja, meza moja ndefu, na ratiba ya zamu za kupika imebandikwa ukutani. Nilimwambia mke wangu, "Huku ni kujianika." Akacheka, akachagua Jumatano.

Alipougua, nesi wa chumba cha pili alimwogesha kila asubuhi. Fundi seremala alikiinua kitanda chake ili aione bustani. Hata hivyo, kila Jumatano alijikongoja hadi jikoni, akapika ameketi. Mimi nilinuna tu, maana kushukuru kulinishinda.

Tulimzika Ijumaa. Jumatano iliyofuata, jioni, wote walitoka na sahani zao kama kawaida, wakaketi. Jiko lilikuwa baridi. Kwa miaka sita hakuna aliyewahi kujiuliza Jumatano anapika nani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kufuta jina lake. Nesi akajifunika uso kwa sahani.

"Tusamehe, shemeji," fundi akasema. "Tumepitiwa. Ngoja nikanunue mikate."

"Kaa chini!" nilimfokea. "Mikate ya nini?"

Sikuwahi kupika hata chai. Nilibandika sufuria, nikaosha mchele. Wali uliungua chini, juu ukabaki mbichi, na chumvi nilisahau. Waliumaliza wote.

Kisha nesi akachukua kalamu, akasogelea ratiba. "Jumatano nikuandike wewe, kaka?"

"Acha jina lake hapo hapo," nilisema. "Mimi namshikia zamu tu."