Sekunde Nne za Dobi

Wimbo ulitoka Ijumaa, na kufikia Jumapili kila kinyozi wa mtaa ule alikuwa anaupiga. Ulikuwa muziki wa hausi: mdundo mmoja mzito unaotembea dakika saba bila kuchoka, na juu yake sauti ya mwanamke ikirudia neno lilelile, "naondoka, naondoka." Jina la dijei liliandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo, "akishirikiana na Dobi." Dobi mwenyewe aliusikia akinyoosha shati la mteja. Hakuuitikia, maana hakuwa tena na sauti ya kuimbia.

Na tuseme ukweli, mwanamke huyu alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Dijei, aliyeitwa Kisigino kwa tabia yake ya kupiga kisigino sakafuni akihesabu midundo, alikuwa amekuja siku moja kuchukua nguo zake, akaisikia sauti nyuma ya mvuke wa pasi, akaondoka bila kuzichukua. Wiki hiyohiyo alimsimamisha mbele ya maikrofoni katika chumba kilichozibwa kwa magodoro. Dobi akaimba wimbo mzima, beti tatu, juu ya binti anayemuaga mama yake akatafute maisha. Kwenye ubeti wa tatu binti anarudi.

Mwezi mmoja baadaye alipasuliwa shingo kutolewa uvimbe. Madaktari walikuwa wamemwonya kwamba sauti inaweza kwenda na uvimbe huo, naye akatia saini, kwa sababu ulishaanza kumkaba. Alipozinduka alikuwa na uhai wake, na mkwaruzo badala ya sauti.

Hilo angelivumilia. Kilichomshinda ni mama yake. Sukari ilikuwa imemla bibi yule macho yote mawili, na akili nayo ilianza kumtoka. Watoto wake aliwajua kwa sauti tu. Dobi alipofika nyumbani kwa kaka yake, alikolazwa mama, akamshika mkono na kumwamkia, aliitikiwa kwa adabu anayopewa mgeni.

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani, mwanangu?"

Akamweleza. Mama akacheka, akasema binti yake anamjua, yule huimba hata akiomba chumvi, na sasa amemtupa jongoo na mti wake. Wifi alipojaribu kuingilia aliambiwa aache kumtetea mtoto asiye na shukrani. Basi Dobi akawa anakwenda kila siku, anaogesha, analisha, anabadilisha shuka, na kila siku anashukuriwa kwa wema wa kumhudumia mama wa mwenziwe. Iliuma, wala hakujidanganya kwamba haiumi. Na mama alikuwa anaisha. Kijiko cha uji sasa kilichukua robo saa kushuka.

Ndipo akaukumbuka ubeti wa tatu. Simu yake ya zamani, yenye kila alichowahi kurekodi, ilikuwa imefia kwenye beseni la sabuni. Aliyebaki ni Kisigino.

Kisigino alimpokea kwa furaha, akamvutia kiti, akaanza habari za jinsi wimbo unavyochezwa. Dobi alimnong'oneza shida yake, kwamba anataka wimbo wote alivyouimba, bila mdundo. Kisigino kikaacha kugonga. Akaeleza polepole kwamba katika hausi hawamwachi mwimbaji amalize. Wanachukua kipande kinachonata, wanakizungusha hadi miguu itii. Yeye alichukua sekunde nne.

"Na vilivyobaki?"

"Dada, ulinifutisha mwenyewe. Ulisema kwenye ubeti wa tatu sauti imekwaruza, na nguo yenye doa haitoki mikononi mwako. Ulikaa hapohapo ukahakikisha nafuta kila nisichokitumia."

Alikumbuka. Alikuwa amesimama nyuma ya bega lake kama anayekagua kola, na wala hakuridhika mpaka alipoona pipa la taka la kompyuta limemwagwa. Ule mkwaruzo aliouonea aibu ulikuwa uvimbe, ukianza kazi yake. Alikuwa amejipalia makaa kwa mikono yake, yeye ambaye makaa ya pasi ndiyo kazi yake. Kisigino alipekua mashine asubuhi nzima, diski moja baada ya nyingine, kisha akampa alichokuwa nacho: sekunde nne, safi, bila mdundo.

Alijua ni neno gani. Njia nzima alijiambia ataacha, asimsikilizishe mama. Lakini alipofika mama hakuwa amemeza hata maji, na wifi alikuwa ameanza kuwapigia ndugu simu. Dobi akaiweka simu kwenye sikio la mama.

Uso wa bibi ukafunguka wote.

"Huyo. Huyo ndiye mwanangu."

Simu ikarudia. Naondoka, naondoka. Mama akakunja paji la uso.

"Anaondoka? Mbona hajaingia hata ndani?"

"Nipo hapa, mama," Dobi akakwaruza, akiubana mkono ule. "Ni mimi."

Mama akampapasa kiganja, kwa upole, kama anavyopapaswa mtu baki aliyejitolea.

"Mkimbilie, mwanangu, wewe una miguu. Mwambie mama yake anamngoja."

Wifi akageukia ukutani. Dobi akainuka, kwa sababu alikuwa ametumwa na mama yake, akatoka, akasimama nyuma ya mlango. Kutoka ndani alimsikia mama akiuliza kama wameshamwona. Alikaa pale mpaka sauti ya mama ilipoacha kuuliza.